Maneno Yangu Kinywani Mwake

Sentensi ya kwanza niliyomwandikia ilikuwa fupi: "Sikuja kuwaomba kura, nimekuja kuwauliza mmechoka na nini." Niliiandika nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya bweni, nasubiri nguo zikauke, na nilipoimaliza nilijua ni nzuri. Mtu anajua. Jioni yake mwenzangu wa chumba akapanda juu ya benchi bwaloni, akaitamka bila kushika karatasi, na bwalo zima likalipuka. Wavulana wa mwaka wa kwanza waligonga sahani juu ya meza. Msichana aliyekaa pembeni yangu akanishika bega: "Huyu dada ana akili jamani, sijui maneno anayatoa wapi." Nikamjibu kwamba hata mimi sijui. Kisha nikainamia maharage yangu, ambayo yalikuwa yameshapoa.

Ulikuwa wivu, sitautafutia jina la heshima. Wala haukuwa ule wa kupita, wa kuona mtu kavaa viatu vizuri ukatamani na wewe uwe navyo. Huu nililala nao na kuamka nao, nikaenda nao darasani na kanisani. Nilikuwa meneja wa kampeni ya mwenzangu, aliyekuwa akigombea urais wa serikali ya wanafunzi katika chuo chetu cha ualimu pale Mbinga, na kila alichokisema mbele za watu nilikuwa nimekiandika mimi. Sikutaka fedha wala cheo. Nilitaka mtu mmoja tu asimame mbele ya bwalo lile aseme: maneno haya ni ya yule pale. Niliutaka mtajo huo kwa njaa ambayo hata sasa nikiikumbuka inanitia aibu kidogo, lakini kidogo tu.

Na kilichozidi kuniuma ni kwamba kiti kile kwanza kililetwa kwangu.

Walikuja wasichana kundi zima chumbani kwetu, Jumapili baada ya misa, wakajaa vitandani na sakafuni. Aliyewaongoza alikuwa waziri wa malazi wa serikali iliyokuwa inamaliza muda wake, dada mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuamrisha. Akasema, "Tumekaa, tumekubaliana. Safari hii rais awe msichana. Na tumekuona wewe." Alinitazama mimi. Akaeleza na sababu: nilikuwa dada mkuu nikiwa sekondari, naandika vizuri, sigombani na watu. Moyo ulinidunda mpaka nikahisi masikio yanapata joto. Nilikuwa nimeliwaza jambo lile tangu mwaka wa kwanza, nikiwa nafua, nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikiwa nasikiliza marais wengine wakiboronga.

Basi nikajibu kama nilivyolelewa. "Jamani, mimi siwezi. Wapo wenye uwezo. Labda huyu." Nikamwonyesha mwenzangu kwa kidevu. Alikuwa amekaa kitanda cha juu, anamenya karanga.

Lazima nieleze tulivyolelewa. Kwetu ni Maguu, huko kwenye miteremko ya kahawa, na sisi Wamatengo tuna desturi tunayoiita sengu: ukoo wote unakula pamoja kwa babu, na mkishakula ndipo mnazungumza mambo yenu. Nani kagombana na nani, shamba lipi lilimwe kwanza, mtoto wa nani asomeshwe. Siku hizi kwa wengi imekufa, lakini kwa babu yangu ilibaki, walau ya Jumapili. Na mahali pale mtu hajisemei. Ukipewa jambo la heshima unalikataa kwanza: mimi mdogo, wapo wakubwa. Unabembelezwa. Unakataa tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, na sauti hiyo ya chini ndiyo kila mtu anajua maana yake ni ndiyo. Hapo babu anasema, "Basi tumesikia, utaifanya wewe." Nimewaona baba zangu wadogo wakipokea majukumu makubwa ya ukoo namna hiyo hiyo. Anayekubali mara moja kwetu anasemwa mpaka kwenye mashine ya kukoboa mahindi.

Kwa hiyo nilikaa pale na kusubiri kubembelezwa.

Mwenzangu akashusha miguu kutoka kitandani. "Kweli hutaki?"

"Mimi? Hapana bwana," nikasema, kwa ile sauti ya chini.

"Basi mimi nitagombea," akasema, akapangusa maganda ya karanga kwenye sketi. "Ila huyu awe meneja wangu. Mimi kuandika siwezi."

Wakapiga vigelegele. Yule waziri wa malazi akamkumbatia. Mimi nikapiga makofi, na nilipiga kwa nguvu kuliko wote ili mikono iwe na kazi ya kufanya. Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi nikitafuta mahali aliponidhulumu na sijapaona. Aliniuliza, nikakataa, akauliza tena, nikakataa tena. Ingekuwa heri kama angeniibia, maana mwizi unaweza kumchukia ukalala usingizi.

Kampeni ikaanza, na wivu nao ukapata lishe kila siku.

Kulikuwa na ile picha. Mabango yetu yalikuwa karatasi za kawaida zenye picha yake na sentensi moja chini, na picha nilimpiga mimi, kwa simu yangu, ukutani kwa maabara ambako mwanga ni mzuri. Koti jeusi alilovaa lilikuwa langu, nililichagua mwenyewe mnadani kwenye mitumba. Kwangu lile koti lilikuwa koti tu. Kwake lilikaa mabegani kama alipimiwa na fundi. Nilipompelekea ile picha mwenye duka la steshenari kule karibu na stendi, aliivuta karibu na miwani akacheka kwa furaha. Ni mzee ambaye baba yake alikuja Mbinga na biashara ya nguo kutoka pwani, na yeye mwenyewe, ingawa kazaliwa huku kwenye baridi, bado anazungumza kama mtu wa kule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Haya, huyu ndiye rais?" Akayasoma maneno yaliyokuwa chini ya picha, akayasoma tena kwa sauti, akitikisa kichwa. "Maneno yametulia haya. Hayana mbwembwe. Mwambie huyu bibie, asije akaacha kuandika. Mwenyezi Mungu kampa."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia, na wala siku hizi sina mpango wa kumwambia.

Kulikuwa pia na kundi la WhatsApp la wanafunzi. Mwenzangu hakuandika humo; alirekodi sauti. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo, ya mtu anayetaka kucheka, na alijua kunyamaza mahali ambapo mimi nilikuwa nimeweka nukta. Zikishatumwa tu, majibu yanamiminika: rais wetu, mama yetu, huyu hapa, alama za moto zimepangwa safu kwa safu. Nami niliweka alama ya moto kama wengine, maana meneja asipoweka watu wangeuliza. Nilikuwa naweka moto kwenye sentensi zangu mwenyewe.

Na wakati mwingine alizibadilisha. Hilo lilinipandisha hasira kuliko yote. Ningeandika jambo zito kuhusu posho za mazoezi ya kufundisha, yeye angeingiza katikati mzaha kuhusu mwalimu anayefundisha hesabu huku tumbo linamjibu. Bwalo lingeanguka kwa kicheko. Nikiwa nimekaa nyuma, nilijiambia kwamba ameharibu, kwamba mimi ningelisema lilivyo na watu wangeguswa zaidi. Kwetu wanasema kizuri chajiuza. Niliushikilia msemo ule kwa meno, huku nikimwona mtu anakitembeza kitu kizuri na kinauzika vizuri sana.

Jumamosi moja katikati ya kampeni akataka twende kwao Mbamba Bay, akamwambie mama yake ana kwa ana. Nilikubali mara moja, na nadhani nilitaka kuona alikotoa ile hali yake ya kutoogopa watu. Barabara inateremka kwa kona nyingi, joto linapanda kukulaki, na mimi wa Maguu nilishavua sweta hata kabla ziwa halijaonekana. Tulimkuta mama yake ufukweni anageuza usipa kwenye vichanja, wale samaki wadogo wanaoanikwa wakameta kama bati jipya.

"Shikamoo mama," nikasema na goti nikakunja.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Kuna nini, mbona hamjasema mnakuja?"

Mwenzangu hakungoja hata tukae. "Mama, nagombea urais chuoni."

Yule mama aliachia usipa wakamwagika, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Wanawake wa vichanja vya jirani wakaja, mikono inanuka samaki. "Mwanangu anagombea urais!" Mmoja akauliza urais wa wapi. "Wa chuo! Leo chuo, kesho utasikia!" Wakaimba. Wakamzungusha. Mmoja akamfunga kanga kiunoni.

Mimi nilikuwa nimempigia mama yangu wiki ile ile. Nikamwambia kuna uchaguzi chuoni na mimi ndiye ninayeendesha kampeni ya mwenzangu. Akasema, "Vizuri. Msaidie mwenzio. Ila usijiingize kwenye mambo ya kelele." Kisha akaniambia kahawa ya mwisho bado iko vichanjani na mawingu yamekaa vibaya. Mama yangu ananipenda, sina shaka na hilo, lakini hata ningechaguliwa mimi nisingepata kile kigelegele. Pale ufukweni, katikati ya wanawake wa watu, nilimwonea mwenzangu wivu wa mama, na huo ulikuwa mchungu kuliko ule wa bwaloni.

"Na wewe, mwanangu," yule mama akanigeukia, akanishika mikono yote miwili kwa viganja vyenye magamba. "Naona unamsindikiza mwenzio. Mungu akuzidishie."

Kumsindikiza! Nikasema amina.

Tulikula chini ya kibanda chao, ugali na samaki wa kukaanga, mbasa wa ziwani. Kulikuwa na kipande kimoja kikubwa, cha karibu na kichwa, na yule mama akakielekeza kwenye sahani yangu. "Kula mgeni." Nikasema, "Asante mama, nimeshiba." "Haya," akasema, na kipande kikaenda kwa shangazi aliyekaa pembeni, ambaye alikipokea na kukimaliza bila neno. Nilikitazama mpaka mfupa wa mwisho. Mwenzangu aliniona, akacheka hadi machozi.

Baadaye, tukitembea kwenye mchanga, akaniambia, "Ninyi watu wa milimani mna tabu. Huku mtumbwi ukifika, mtu akikwambia shika samaki, unashika. Ukisema hapana, samaki anaenda kwa jirani. Hakuna atakayerudi kukuuliza mara ya pili, samaki ataoza."

"Kwetu mtu anaulizwa," nikasema.

"Sasa anayeuliza atajuaje kwamba unataka?"

Alisema vile bila kufikiri, anarusha vijiwe majini, na sikuona dalili yoyote kwamba alikuwa anakumbuka ile Jumapili ya karanga. Kama angekuwa anakumbuka ningegombana naye palepale. Ila kutokujua kwake kulikuwa kweupe kabisa, na sikuwa na pa kuanzia ugomvi.

Kisha akasimama karibu na maji, akaanza kuifanyia mazoezi hotuba ya mdahalo wa mwisho. Aliitupa juu ya maji kama mtu anayemwita jamaa yake aliye mbali. Mvuvi mmoja aliyekuwa anaosha nyavu kwenye mtumbwi akajibu kwa sauti, "Kura yangu unayo!" Watoto wakashangilia. Akanigeukia, "Hebu na wewe sema ile ya mwanzo. Uliandika mwenyewe, sema."

Nikasimama alipokuwa amesimama. Nikasema: sikuja kuwaomba kura, nimekuja kuwauliza mmechoka na nini. Sauti ilinitoka ikaanguka miguuni kwangu, kwenye mchanga. Yule mvuvi hakugeuka. Mwenzangu akainamisha kichwa, akiwaza, kisha akasema kwa upole, "Umeandika vizuri mno. Ila unaisema kama unaomba radhi."

Nikamwambia viatu vyangu vimeingia mchanga, nikaenda kunawa miguu mbali naye. Nililia kidogo. Ziwa halikosi maji ya kunawia uso.

Mpinzani wetu alikuwa kijana wa Mkumbi, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la chuo, mrefu, mpole, mwenye suti ya kuazima iliyomwishia juu ya vifundo vya miguu. Yeye hakuwa na meneja wa maneno. Alikuwa na nyimbo. Kila alipopita mabwenini alikuwa na sauti nne nyuma yake, na watu walioimba naye kila Jumapili wasingeweza kumpigia mwingine bila kuona haya Jumapili inayofuata. Tulijua kwamba ni ushindani wa kweli. Hesabu zetu za mabweni zilituonyesha kwamba tupo sambamba, na kwamba mdahalo wa mwisho ndio utakaoamua.

Basi nikauandalia mdahalo ule kama mtu anayemwandalia harusi binti yake wa pekee. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na swali ambalo lingeulizwa lazima lilikuwa maji. Mabomba ya mabweni ya wasichana yalikuwa yanakohoa tu. Tulikuwa tunashuka bondeni na ndoo, alfajiri kabla ya vipindi, na kupanda nazo kichwani. Nikaandika jibu. Nililiandika upya na upya, na lile la mwisho lilikuwa zuri kuliko chochote nilichowahi kuandika: jinsi ndoo inavyomlemea mwalimu wa kesho, jinsi shingo inayobeba maji haiwezi kuinuka ubaoni, na mwisho ahadi, wazi, bila kigugumizi, kwamba muhula huu hautaisha kabla maji hayajatoka bombani. Nikampa. Akasoma, akasema, "Hili litawatoa watu machozi." Nilijua litawatoa.

Siku ya mdahalo bwalo lilijaa mpaka madirishani. Mlezi wa wanafunzi alikaa mbele na kamati ya uchaguzi. Kijana wa Mkumbi alianza, akaahidi maji, akaahidi nyama kwenye wali mara mbili kwa wiki, akaahidi geti licheleweshwe kufungwa kwa saa moja. Akamaliza kwa wimbo. Watu waliitikia mpaka madirisha yakatetemeka.

Mwenzangu akasimama. Sentensi zangu zikaanza kutoka moja baada ya nyingine na kila moja ikafika. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, midomo yangu ikienda pamoja na yake bila sauti. Kisha msichana mmoja wa bweni la juu akanyoosha mkono, akauliza lile lile: "Wewe maji utaleta, au hutaleta?"

Nikangoja ile ndoo na ile shingo. Mwenzangu akaitazama karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti langu alilokuwa amevaa.

"Sijui," akasema.

Waliokuwa madirishani wakaingiza vichwa ndani.

"Rais wa wanafunzi hana bomba," akasema. "Tangu tufike hapa tumeahidiwa maji na marais wawili, na wote walikuwa watu wazuri. Mimi sitawaahidi maji. Ninachokiweza ni hiki: kila Jumatatu nitachukua ndoo tupu, nitakwenda nayo ofisini kwa mkuu wa chuo, nitaiweka mbele ya meza yake, nitauliza maji yako wapi. Na nikitoka nitasimama hapa niwaambie nilichojibiwa. Hata nikijibiwa hapana, nitawaambia hapana. Nikichoka, mnitoe."

Akakaa. Hakuna aliyegonga sahani. Kwanza kulikuwa na mnong'ono, kisha mtu mmoja kutoka upande wa kwaya akazomea, na wengine wakafuata. "Sasa tukuchagulie nini?" mmoja akapaza sauti. Yule aliyeuliza swali alikaa huku anatikisa kichwa.

Sijawahi kukasirika namna ile. Nilitoka nje kabla ya wengine, nikamngoja kwenye nguzo ya kengele. Alipotoka nilimwuliza ni kitu gani kile alichokifanya. Nikamwambia ameutupa ushindi mikononi mwa watu wa kwaya, na kazi yangu yote ameitupa nao. Sauti yangu siku hiyo haikuanguka miguuni, ilisikika mpaka jikoni.

"Lilikuwa zuri mno," akasema. "Lile jibu lako. Nilipolisoma nikaona mimi mwenyewe naliamini. Na si kweli. Maji hatuna uwezo nayo."

"Siasa ndivyo ilivyo."

"Basi siasa uiseme wewe," akajibu. Haikuwa kejeli. Alikuwa amechoka, na midomo ilikuwa imemkauka. Hatukusemeshana mpaka siku ya kura, isipokuwa kuulizana kama mtu kaona sabuni.

Tulipiga kura, na kesho yake mchana tukaitwa tena bwaloni kusikia matokeo. Mwenyekiti wa kamati aliyasoma polepole, kama anayafurahia. Tulikuwa tumeshindwa. Si kwa aibu, lakini kwa tofauti ambayo huwezi kuibishia. Kwaya ikaanza kuimba kabla hajamaliza kusoma, na kijana wa Mkumbi akabebwa juu, suti ikampanda mpaka magotini.

Chuoni kwetu aliyeshindwa hupewa nafasi ya kuzungumza, akubali matokeo mbele ya wote ili watu wasigawanyike. Mimi kwa kawaida ningekuwa nimemwandikia. Nilikuwa hata nimeanza, siku kadhaa nyuma, hotuba ya kushindwa yenye heshima kubwa, lakini baada ya ugomvi wetu sikumpa. Alikwenda mbele mikono mitupu. Alikuwa bado amevaa koti langu.

Akampongeza mshindi. Akasema atakuja kumkumbusha nyama kwenye wali, watu wakacheka, na nikaona ndani ya ule mzaha wamemrudia kidogo. Kisha akanyamaza ile namna yake.

"Kuna jambo sikuwahi kulisema, na nisingependa uchaguzi uishe bila kulisema," akasema. "Mimi kuandika siwezi. Yale maneno yote mliyoyashangilia humu ndani, tangu siku ya kwanza, hayakuwa yangu. Yaliandikwa na yule pale, aliyekaa karibu na mlango." Akanyoosha mkono. Vichwa vyote vikageuka. "Yote mliyoyapenda ni yake. Yale mliyoyazomea ndiyo yalikuwa yangu. Kwa hiyo msije mkampa pole. Yeye hakushindwa. Msimamisheni tumwone."

Yule waziri wa malazi alinivuta mkono, nikasimama. Wakapiga makofi. Walipiga kweli, hata wa kwaya walipiga, na wavulana wa mwaka wa kwanza wakagonga sahani zao kama siku ile ya kwanza. Mtu akapiga mluzi. Mlezi wa wanafunzi alinitazama juu ya miwani, akaitikia kwa kichwa. Ndicho nilichokuwa nakililia, nimekililia darasani na kanisani na ufukweni, na kilikuwa kinatolewa chote, mbele ya bwalo zima, bila kupunguzwa hata chembe.

Nilimtazama mwenzangu pale mbele. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote, hana kitu mkononi zaidi ya yale aliyoyasema siku ya mdahalo, lile "sijui" na ile ndoo tupu, maneno ambayo hakuna mtu aliyeyataka. Nikasimama hivyo hivyo nikiyapokea makofi, natabasamu, nainamisha kichwa. Na yalipokuwa bado yanapigwa, roho ikaniuma upya, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake, na mimi ningekaa nyuma ya bweni mwaka mzima nisingeweza kuyaandika.